Kidonge cha Alhamisi

Wanangu mnaofanya kazi maabara siku hizi, mnaniambia kwamba kipimo cha tezi ya shingo mnakipata kabla chai haijapoa. Mnaweka chupa ya damu kwenye mashine, mnabonyeza, karatasi inatoka. Nafurahi kusikia hivyo, wala siwaonei kijicho. Lakini juzi mmoja wenu alinionyesha ripoti akaniuliza, "Mama Kadzo, T4 nzuri, TSH mbaya. Mashine imeharibika?" Nikacheka mpaka akaona haya, maskini. Sikumcheka yeye. Nilikuwa namcheka msichana mmoja wa Kaloleni aliyesimama katika chumba kimoja cha Mji wa Kale, miaka ya tisini, kajishika kiuno mbele ya sahani ya plastiki, anauliza swali lilo hilo.

Msichana huyo ni mimi, na jibu nililipata kwa mwalimu wa chuo cha Kurani aliyekuwa amefunga.

Kwanza niwaeleze tulivyofanya kazi, maana bila ya hayo hamtaelewa kwa nini nilikuwa na wasiwasi. Maabara yetu ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la kahawa. Mkubwa wetu alikuwa Mzee Hatibu, mtu wa Mombasa kindakindaki, kofia ya kushona kwa mkono haikosi, na koti jeupe analifua na kulipiga pasi mwenyewe kwa sababu hakuamini mkono wa dobi. Kipimo cha tezi kilifanywa kwa mikono. Palikuwa na sahani yenye vishimo tisini na sita, kila kishimo hakizidi ncha ya kidole cha mtoto. Unatia seramu, yaani yale maji ya damu yanayobaki juu chembe nyekundu zikishazama. Unatia dawa, unangoja, unaosha, unatia dawa nyingine, unangoja tena, na mwisho unatia asidi na rangi inageuka manjano. Sahani moja ilifunguliwa kwa wiki, siku ya Jumamosi, kwa hivyo damu za wiki nzima zilikuwa zikikusanywa ndani ya friji.

Karatasi ya maelekezo ilikuja na dawa kutoka nchi ya baridi. Ilisema vishimo vikae "katika joto la chumba." Joto la chumba cha nani? Kaskazi ikipamba moto, chumba chetu kingeivisha mkate. Jumamosi moja kiyoyozi kilizimika, nami kwa akili zangu nikaielekeza feni kwenye sahani. Vishimo vya pembeni vikakauka, na vyote vikatoka manjano ya kukolea. Kwa hesabu yangu, kila mgonjwa aliyekaa pembeni mwa sahani alikuwa mahututi. Mzee Hatibu akaitazama, akanitazama, akasema, "Kadzo, mwanangu, umeuuguza mtaa wa Bondeni wote." Tukaimwaga, tukaanza upya. Tangu siku hiyo sahani ikawa na kifuniko, na feni ikatazama ukuta.

Kosa langu la pili lilikuwa la rangi. Katika kipimo cha TSH, homoni ya ubongo inayoiamrisha tezi ifanye kazi, rangi ikikolea ndiyo homoni nyingi. Katika kipimo cha T4, homoni ya tezi yenyewe, mambo ni kinyume: rangi ikikolea, homoni ni kidogo. Mimi wiki ya kwanza nilisoma vyote kwa njia moja, nikataka kuandika kwamba bibi mmoja mnene, anayesinzia kwenye benchi letu, ana T4 ya kupita kiasi. Mzee Hatibu akanikalisha kitako.

"Waijua sinia ya pilau?" akaniuliza.

"Naijua."

"Ina nafasi ya watu wanne. Homoni ya mgonjwa ni wageni. Na ile dawa tunayotia sisi ni wageni pia, lakini wao wamevaa kanzu za manjano. Wageni wa mgonjwa wakiwa wengi, hao wenye kanzu za manjano watakaa wapi?"

"Watakosa nafasi."

"Wataoshwa, waende zao. Basi ukiona manjano tele, jua wageni wa mgonjwa walikuwa wachache. Umeelewa, au nipike?"

Nilielewa, na mpaka leo nikiona pilau nakumbuka T4.

Sasa nije kwa Mwalimu Zuhura. Alikuwa na chuo cha kusomesha Kurani huko Bondeni, chumba cha chini cha nyumba yao, na watoto wapatao arubaini. Mtaa mzima ulijua saa kwa sauti yake. Kila mwaka, mwezi wa Mfunguo Sita, yaani wa sita baada ya Ramadhani, wanawake walikusanyika nyumbani kwake kusoma maulidi, na msomaji mkuu alikuwa yeye, baada ya mamake, kwa kitabu cha mamake. Mwaka huo, mara tu baada ya Idd ya kufungua Ramadhani, alipasuliwa rovu shingoni na tezi yote ikatolewa. Mtu asiye na tezi hutegemea kidonge cha homoni maisha yake yote, kila siku kimoja. Daktari wake, Daktari Mutuku, kijana makini aliyekuwa amehamia Mombasa mwaka huo kutoka bara, alimwanzishia kiasi cha kawaida cha dawa hiyo akamtuma kwetu kwa damu baada ya wiki sita.

Sauti yake baada ya kupasuliwa ilikuwa salama. Ilipofika mwezi wa pili ikaanza kuwa nzito, kama mtu anayesema huku amejifunika blanketi. Akawa anasikia baridi, Mombasa hii, anakuja maabara na sweta chini ya buibui. Watoto wakimsomea, anasinzia. Nao watoto ni watoto, wakajifunza kuruka mistari. Nduguye, Bi Rukia, binti wa mamake mdogo, akaeneza habari mtaani kwamba madaktari wamemkata sauti, na kwamba mwaka huu yeye Rukia yu tayari kubeba mzigo wa maulidi, kwa ajili ya Mungu tu.

"Kitabu cha mama hakijatoka mkononi mwangu," Mwalimu Zuhura aliniambia siku moja huku nikimfunga mpira mkononi. "Nikimpa Rukia mwaka huu, Kadzo, hakirudi. Mie namjua. Hata sufuria yangu ya biriani hajaniregeshea."

Kipimo cha kwanza, TSH ilikuwa ishirini na moja. Kawaida haizidi nne na kitu. Daktari akaongeza dawa, kama inavyopasa. Wiki sita baadaye, katikati ya Mfunguo Nne, tukapima tena, TSH ikawa thelathini na nne. Dawa imepanda, na ugonjwa umepanda. Na T4, mara zote mbili, ilikuwa nzuri kabisa.

Daktari Mutuku akapiga simu. Niliipokea mimi.

"Dada, nimeongeza dawa na TSH imepanda. T4 iko sawa. Hilo haliwezekani. Mashine yenu ina malaria?"

"Daktari, hatuna mashine. Tuna mikono."

"Basi mikono ina malaria."

Akasema atangoja turudie. Tukitoa jibu lilo hilo, ataongeza dawa zaidi, na mambo yakikataa atampeleka Nairobi akatazamwe koo. Nikaweka simu chini. Ningekuwa nyinyi, ningelaumu mashine. Mimi niliilaumu feni, ingawa ilikuwa imetazama ukuta mwaka mzima.

Mzee Hatibu hakulaumu kitu. Alichukua seramu iliyobaki ndani ya friji, akaipima mwenyewe katika vishimo viwili, na kando yake akaweka damu tunayoijua jibu lake. Ile tunayoijua ikatoka sawasawa. Ya Mwalimu ikatoka thelathini na tatu, na thelathini na nne.

"Kipimo ni kizima," akasema. "Damu tumeiuliza mara tatu. Mwenye damu hatujamuuliza hata mara moja. Mwite."

Hapa ndipo penye jambo. Chuo chake kilikuwa kikifungwa Ijumaa, kwa hivyo Mwalimu Zuhura siku zote alikuja kwetu Ijumaa asubuhi. Wiki ile Ijumaa iliangukia sikukuu ya serikali, maabara ilikuwa ifungwe, nikampelekea salamu aje Alhamisi. Akaja, akapanda ngazi zetu polepole, akapumzika kila baada ya vidato vitatu. Tulikuwa na desturi ya kumpa mgonjwa kikombe cha chai kutoka chini akishatolewa damu. Nikamwambia itakuja.

"Ahsante mwanangu, usijisumbue. Leo nimefunga."

"Haya Mwalimu, Mungu akukubalie." Nikamtoa damu, nikabandika jina kwenye chupa, nikampa pamba abonyeze. Kisha nikaanza maswali aliyonituma Mzee. "Kidonge chako umekimeza saa ngapi leo?"

Alinitazama vile anavyomtazama mtoto aliyeruka mstari.

"Kadzo. Nimekwambia nimefunga."

"Kwa hivyo hukumeza."

"Nitamezaje, na nimefunga?"

"Na Jumatatu?"

"Jumatatu pia nilifunga. Jumatatu na Alhamisi, tangu nilipoolewa."

Nikaanza kukunja vidole. "Na Mfunguo Tatu, kabla ya Idd ya kuchinja?"

"Siku tisa zote, kwa uwezo wa Mungu."

"Na juzi, Ashura?"

"Na siku ya kabla yake. Kwani nini, Kadzo? Wataka kusilimu?"

Nikakaa kwenye kiti cha mgonjwa. Nilikuwa nahesabu kwa vidole. Vidonge viwili kila wiki vilikuwa havimezwi, na katika ile miezi ya fadhila hata zaidi. Ndiyo maana dawa ilipoongezwa, TSH ikapanda: daktari aliongeza kidonge, na kalenda ikaongeza saumu.

"Mwalimu, mbona hukutuambia?"

"Nani aliniuliza? Daktari alisema, meza asubuhi ukiamka, kabla hujatia kitu tumboni. Na siku ikikupita, usije ukarundika viwili. Nami siku ya kufunga, mwanangu, asubuhi hunipita. Kesho yake nameza kimoja, sirundiki. Sijavunja neno lake hata moja."

Na kweli hakuvunja.

"Na daku huli?"

"Daku mie huila Ramadhani. Saumu za sunna nalala na futari yangu."

Nyuma ya pazia, kwenye chumba cha pili, tukasikia mtu anakohoa. Mzee Hatibu akatokea, koti lake jeupe, kofia mkononi, anajikuna kichwa.

"Mwalimu, niwie radhi," akasema. "Mie pia nimefunga leo. Miaka thelathini nafunga Alhamisi, na chai ya Alhamisi Kadzo haniletei. Na akili yangu haikunipeleka huko."

"Basi twacheka sote, au twalia sote?" akauliza Mwalimu Zuhura kwa ile sauti yake ya blanketi.

Tukacheka. Lakini yeye alikuwa mwalimu, na mwalimu hatosheki na kucheka. Akataka kujua kwa nini ile T4 ilikuwa nzuri, ikiwa yeye alikuwa hamezi. Nanyi sikilizeni hapa, maana hili ndilo swali la yule kijana wa juzi.

Nikamwambia hivi. Fikiria nyumba yenye pipa la maji, na mwenye mkokoteni wa maji anayepita mtaani. T4 ni maji yaliyomo ndani ya pipa sasa hivi. TSH ni sauti ya mama wa nyumba akimwita yule wa mkokoteni. Maji yakipungua, mama anapaza sauti. Yakijaa, anashusha. Yakifurika, ananyamaza kabisa. Wewe, mwenye mkokoteni wako ni kidonge, kwa kuwa tezi imetolewa. Ijumaa ulikuwa ukimeza kidonge alfajiri, na saa tatu uko kwetu, mkono umeunyosha. Sisi tukichungulia pipani tunakuta limetoka kutiwa maji. Tunaandika: maji yapo. Lakini mama aliyekaa wiki nzima anakosa maji siku mbili, wiki nyingine siku tatu, hanyamazi kwa ndoo moja ya asubuhi. Yuko dirishani anapiga kelele.

"Hamwamini tena mwenye mkokoteni," akasema Mwalimu Zuhura.

"Hamwamini tena. Mpaka aone maji yanakuja kila siku, wiki baada ya wiki. Ndiyo maana tunapima baada ya wiki sita."

"Basi huyo mama namjua," akasema. "Ni mimi na Rukia na ile sufuria."

Dawa yake haikuwa ngumu. Mzee Hatibu alimweleza kwamba kidonge hakina haja na jua, kina haja na tumbo tupu. Siku za kufunga aamke kabla ya adhana ya alfajiri, ameze kwa maji matupu, na saumu yake haina doa. Ramadhani ikija, ameze akiamka tu, asubiri nusu saa, ndipo ale daku. Siku za kawaida asikimeze pamoja na chai ya maziwa, wala pamoja na vidonge vya kuongeza damu, maana hivyo hukizuia kisiingie mwilini. Na siku ya kuja kupimwa, atolewe damu kwanza, kidonge baadaye.

Lakini maabara haibadilishi dawa ya mgonjwa, hilo mlishike. Sikutumia simu. Nilivua koti nikaenda kwa miguu mpaka kliniki ya Daktari Mutuku, na nilimkuta ameshaandika kile kiasi kikubwa zaidi cha dawa, karatasi iko mezani. Nikamweleza. Aliitazama tena ile karatasi.

"Angeanza kumeza hiki kila siku, moyo wake ungekimbia," akasema.

"Ndiyo, Daktari."

"Na hata miezi isiyo na saumu nyingi angezidiwa, na ningesema ni mikono yenu." Akaichana ile karatasi, akamrudishia kiasi cha dawa alichoanza nacho. Kisha akasukuma kalenda yake upande wangu. "Dada, niandikie siku wanazofunga. Zote."

"Mimi Mkristo, Daktari. Nitamtuma Mzee Hatibu."

Mzee alizijaza kwa kalamu ya kijani, na kalenda ile ilikaa ukutani kwa Daktari Mutuku mpaka mwaka ukaisha, akaja kuomba nyingine.

Jumamosi damu ile ya Alhamisi ikatushuhudia: TSH juu vile vile, na T4, bila kidonge cha asubuhi, imeshuka. Sasa ikabaki kungoja, na kungoja ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Mfunguo Tano ulikuwa umeingia. Siku ya kumi tu, Mwalimu Zuhura huyo, amenyosha mkono.

"Nipime."

"Bado, Mwalimu."

"Rukia ameshaanza kunywa asali na tangawizi."

"Na anywe. Wewe ukimpaka bibi harusi hina, unaiosha baada ya muda gani?"

"Mpaka ikolee."

"Na ukiosha mapema?"

Akashusha mkono wake. "Wapata madoa," akasema, akageuka kuondoka. Nilimsikiliza akishuka. Alipumzika mara moja tu.

Wiki ya sita ilipofika, ilikuwa Ijumaa, nilikuwa napanga chupa nikasikia mtu chini anamkaripia muuza kahawa kwa kuweka jiko njiani. Maneno yalipanda ngazi mpaka kwangu, herufi moja moja, kila moja mahali pake. Nikamwambia Mzee Hatibu, "Kipimo kimeshafika." Naye akasema, "Mtoe damu hata hivyo. Sisi hatuandiki kwa masikio." Kidonge chake alikuwa amekifunga kwenye pindo la leso, akakimeza mbele yangu damu ilipokwisha kutoka.

Kesho yake niliisoma sahani peke yangu. Kishimo chake cha TSH kilikuwa cha manjano hafifu, kama maji yaliyopita karibu na ndimu. Tatu nukta moja. Niliisoma mara mbili, kisha nikamwita Mzee akaisoma ya tatu.

Tangu hapo, kwenye fomu yetu ya tezi tuliongeza maswali kwa mkono, kabla ya jina la daktari: umemeza saa ngapi leo, na siku gani za wiki humezi. Siku gani, sio kama unameza. Ukimwuliza mtu kama anameza dawa, atakwambia anameza, naye hasemi uongo. Wapo waliotujibu Jumapili, kwa sababu wanakwenda kanisani mapema. Yupo aliyetujibu siku za safari, maana ni dereva wa lori Shimanzi na kidonge huwa nyumbani. Kila mtu ana Alhamisi yake, wanangu. Kabla hamjairudia damu, rudieni swali.

Maulidi yalisomwa mwisho wa Mfunguo Sita, na mimi nilialikwa. Nilijitanda leso, nikakaa kwenye jamvi karibu na mlango, na aliyekaa kando yangu, kwa bahati yake au yangu, alikuwa Bi Rukia. Koo lake lilikuwa limesafika kwa asali ya wiki saba. Mwalimu Zuhura alifungua kitabu cha mamake, akakaa kidogo, akaanza. Nje, watu waliokuwa wakipita wakasimama chini ya dirisha.

Bi Rukia alisikiliza mpaka mwisho wa kituo cha kwanza. Kisha akaniinamia sikioni.

"Wewe ndiwe wa vidonge?"

"Ndimi, Bi."

"Mngalimwacha hata mwaka mmoja, nisome mie," akasema, akavuta pumzi, na wenzake walipoitikia, akaitikia kwa nguvu kuliko wote.